Homa ya usiku, mchango wa Ijumaa na kibubu cha nyumbani

Ni nadra Ijumaa ipite bila ya kumwona mtu amesimama karibu na mlango wa msikiti baada ya sala, kofia ameishika mkononi, macho ameyainamisha. Katibu wa msikiti huwatangazia waumini kwamba mwenzao huyu mwanawe amelazwa, ankara ya hospitali imemshinda, na mwenye chochote asiondoke. Hutandikwa kitambaa, noti zikaanza kuanguka, na kabla watu hawajamaliza kuvaa viatu fedha imepatikana, Alhamdulillahi. Nasi tumetia chetu mara nyingi. Lakini njiani kurudi nyumbani hutujia swali ambalo si adabu kumwuliza mzazi mwenye huzuni: mtoto alianza kuumwa siku gani, na siku hiyo alipelekwa wapi?

Jibu tunalijua kwa sababu ni letu sote. Mtoto huanza kuchemka Jumatatu jioni. Mama humpangusa kwa kitambaa cha maji, akampa kidonge cha kutuliza homa kilichosalia tangu mwezi uliopita. Jumanne baba hupita duka la dawa, akaeleza, akafungiwa vidonge katika karatasi, na kwa kuwa fedha haikutosha dozi akachukua nusu. Jumatano mtoto anacheza kidogo, nyumba nzima inapumua. Alhamisi usiku homa inarudi na degedege juu yake, na hapo ndipo zinapotafutwa gari, hospitali kubwa na mkopo wa jirani. Fedha ya kipimo na dozi kamili iliyokosekana Jumatatu inatafutwa Ijumaa ikiwa imeongezeka mara nyingi.

Watu wa ofisini wana neno jepesi kwa kadhia hii: ujinga. Wengine husema uzembe, na wapo wasemao kwamba maskini hathamini afya yake mpaka atoe fedha mfukoni. Hatutaki kujitoa. Tulikuwa miongoni mwa wasemao hivyo, na katika vikao vya wazee tumewahi kuyasema kwa sauti. Kilichotugeuza ni kazi ya mwanauchumi mmoja Mfaransa, Bibi Pascaline Dupas, aliyefundisha katika vyuo vikuu vya Marekani, ambaye kwa miaka mingi alikwenda vijijini magharibi mwa Kenya kutazama jambo hilihili: familia yenye fedha chache huchaguaje kinga na tiba?

Kabla ya kumfuata huko, na tukumbushane kwa nini uchaguzi huu ni mgumu kuliko mwingine. Mwaka 1963 Kenneth Arrow, mwanauchumi wa Marekani, aliandika makala ambayo mpaka leo wanafunzi wa uchumi wa afya huanzia hapo. Alionyesha kwamba tiba haifanani na bidhaa nyingine za sokoni. Anayenunua kanga huishika, huinyoosha kwenye mwanga, huuliza bei ya duka la pili. Mgonjwa hawezi kuifanyia hivyo dawa. Hajui ugonjwa wake ni upi, hajui kama alichopewa ndicho, na hata akipona hana hakika kwamba kilichomponya ni kile kidonge, kwani homa nyingi huondoka zenyewe. Muuzaji ndiye anayemwambia mnunuzi nini anachohitaji. Basi mtu aliyewekwa mahali kama hapo hushika kile anachokiona, na anachokiona kwanza ni bei.

Na hapa ndipo palipokuwa na ubishi mkubwa katika miaka ya 2000. Chandarua chenye dawa kilikwisha kuthibitika kwamba huokoa watoto, lakini kitolewe vipi? Wapo waliosema kigawiwe bure. Wapo waliosema, na walikuwa wengi wenye nguvu, kwamba cha bure hudharauliwa: mtu atakigeuza nyavu ya kuvulia dagaa au pazia la dirisha. Afadhali alipe kidogo, wakasema, ili wachukue wenye kukihitaji na wakitumie kwa heshima. Huku kwetu Tanzania tulikuwa na hati punguzo tangu mwaka 2004: mama mjamzito alipewa hati kliniki, akaipeleka dukani, akaongeza fedha kidogo, akapata chandarua. Wasomaji wenye watoto waliozaliwa miaka ile bila shaka wanaikumbuka hati hiyo, na wapo watakaokumbuka pia kwamba ilikaa ndani ya kadi ya kliniki wiki nyingi ikingojea ile fedha ya kuongeza.

Bibi Dupas na mwenzake Jessica Cohen hawakubishana. Walizichukua kliniki 20 za wajawazito magharibi mwa Kenya, na kwa kura wakazipangia bei mbalimbali. Kliniki nyingine zilitoa chandarua bure, nyingine kwa shilingi 10 za Kenya, nyingine 20, nyingine 40. Hata hiyo 40 ilikuwa chini ya bei ya kawaida ya ruzuku wakati ule, yaani shilingi 50, na ilikuwa sawa na senti 60 za dola. Kisha wakakaa kuhesabu nani anachukua, na baadaye wakatuma watu nyumbani kwa wanawake hao, bila ya kuwaarifu, kuangalia kama chandarua kimetundikwa juu ya kitanda.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Palipokuwa bure, karibu kila mwanamke alichukua. Palipokuwa shilingi 40, katika kila wanawake 100 waliochukua walikuwa karibu 40 tu. Sitini walirudi nyumbani mikono mitupu kwa ajili ya fedha ambayo bwana mkubwa wa ofisini asingeinama kuiokota. Na wale waliopewa bure? Walikitundika sawasawa na walionunua. Hapakuwa na dalili kwamba aliyelipa alikitumia zaidi. Wala haikuwa kweli kwamba bei iliwachuja wenye haja wakabaki, kwani watafiti walilitazama hilo pia, na waliolipa hawakuonekana kuwa wagonjwa zaidi kuliko wajawazito wengine wa kliniki. Bei ilichuja mifuko.

Tuliposoma hayo mara ya kwanza tuliona haya kidogo. Tulimkumbuka mama mmoja wa mtaani kwetu ambaye tuliwahi kumshangaa kwa kununua vitenge vya harusi ilhali wanawe wanalala bila ya chandarua. Hatukuwahi kujiuliza kwamba harusi ina tarehe na watu wanaokuja kukuona umevaa nini, na mbu hana tarehe. Mwanadamu mwenye shilingi chache huzitoa kwa lile linalomdai leo. Kinga haimdai mtu leo. Inadai mwezi ujao, na hata mwezi ujao ukifika na mtoto hakuugua, hakuna ajuaye kwamba chandarua ndicho kilichomkinga.

Shirika la Afya Duniani lilitoa msimamo mwaka 2007 kwamba vyandarua vyenye dawa vitolewe bure au kwa ruzuku kubwa mno, na nchi zetu za Afrika Mashariki nazo zikaendesha kampeni za kuvigawa nyumba kwa nyumba. Hatusemi ni utafiti mmoja uliofanya hayo. Tunasema tu kwamba hoja ya kudharauliwa kwa cha bure, iliyosikika kama hekima ya wazee, ilipopelekwa kwenye mizani ilionekana nyepesi.

Walikuwepo waliobaki na shaka nyingine, nayo ni ya haki: ukimzoesha mtu bure, kesho atakubali kununua? Bibi Dupas akairudia kadhia hiyo katika utafiti wa pili, uliochapishwa mwaka 2014. Kaya zilipewa hati za bei tofauti, nyingine bure kabisa, na baada ya mwaka zote zikaletewa chandarua cha pili kwa shilingi 150. Zile zilizopata cha kwanza kwa bei nafuu mno hazikukaa zikingoja msaada. Zilikuwa na hamu zaidi ya kununua. Zilikwisha kulala ndani yake, zikajua faida yake, na hata majirani zao wakashawishika. Kumbe mtu hujifunza thamani ya kinga kwa kuitumia.

Lakini msomaji asidhani kwamba kushusha bei ni dawa ya kila kitu, na hapa ndipo tunapompenda mtafiti huyu, kwamba hakuigeuza hoja yake kuwa wimbo. Yeye na Jessica Cohen na Simone Schaner walikwenda tena magharibi mwa Kenya, safari hii kwenye maduka ya dawa. Dawa mseto ya malaria ilikuwa ghali, na wafadhili walikusudia kuishusha bei sana kwa ruzuku ili imfikie kila mtu. Kuanzia mwaka 2010 mpango huo ulianza kwa majaribio katika nchi kadhaa, Kenya na Tanzania zikiwemo, na pakiti zake zilikuwa na alama ya jani la kijani. Watafiti wakakuta kwamba ruzuku kubwa iliwafikishia dawa watu wengi waliokuwa hawaipati. Hilo ni jema. Wakakuta pia kwamba karibu nusu ya dawa hizo za ruzuku zilimezwa na watu wasio na malaria kabisa.

Tulitafakari hilo kwa utulivu. Mtu mzima mwenye homa na kichwa kinachogonga huingia dukani, huiona dawa iliyokuwa ghali sasa ni rahisi, huinunua. Ana mafua makali, au homa ya matumbo, au uchovu. Anameza dawa ya malaria, anasubiri siku tatu, na ugonjwa wake wa kweli unaendelea kupika ndani. Kwa mtoto mwenye nimonia siku hizo tatu ni umri wake wote. Watafiti wakapendekeza ruzuku ipunguzwe kidogo na sehemu yake ihamishiwe kwenye kile kipimo cha haraka cha tone la damu, ili mtu ajue kwanza. Watu wengi walikubali kupima walipopewa nafasi kwa bei ndogo. Ajabu ni kwamba si haba waliopimwa wakaonekana hawana malaria, na bado wakanunua dawa yake. Mtu amezoea miaka kuambiwa kila homa ni malaria. Kijiti kidogo cha plastiki hakiwezi kumtoa katika mazoea hayo kwa siku moja.

Kama ni bei tu, basi, kwa nini watu hulipita lililo karibu na rahisi wakaenda mbali? Maana hilo nalo tunaliona kila siku. Zahanati iko hatua mia mbili, lakini mama anapanda gari asubuhi na mapema kwenda kwa tabibu wa mji wa pili. Mwanauchumi mwingine, Kenneth Leonard wa Marekani, pamoja na Gilbert Mliga na Damen Haile Mariam, waliliangalia jambo hili hapa Tanzania, vijijini mkoani Iringa, na makala yao ilitoka mwaka 2002. Walikuta kwamba wanakijiji waliopita zahanati ya jirani hawakuwa wakitangatanga. Walikuwa wakielekea kule ambako tabibu huuliza maswali, hupima mwili, anajua kazi yake, hutoa dawa ipasavyo na huzungumza na mgonjwa kwa adabu. Hawakuwa na shahada ya udaktari, lakini walikuwa wakipeana habari visimani na magengeni, na habari hizo hazikuwa mbali na kile ambacho wataalamu wenyewe walikipima.

Leonard huyohuyo, pamoja na Melkiory Masatu wa Arusha, alifanya jambo jingine ambalo hatuchoki kulisimulia. Mkoani Arusha walilinganisha tabibu anavyofanya kazi siku za kawaida na anavyofanya mtafiti akiketi pembeni kumtazama. Mtafiti alipoingia tu, maswali yakaongezeka, kifua kikapimwa, mgonjwa akaelezwa ugonjwa wake. Tabibu alijua kazi, kumbe! Kisha, kati ya mgonjwa wa 10 na wa 15, mazoea yakarudi na mambo yakawa kama zamani, mtafiti angali ameketi palepale. Makala hiyo ya mwaka 2006 inatuambia kwamba mara nyingine kinachokosekana katika chumba cha tabibu si elimu wala dawa, bali ni jicho la mtu anayejali. Nasi tukajiuliza: mama anapoingia na mtoto mgongoni, kwa nini jicho lake lisihesabiwe?

Tumewahi kumsindikiza mgonjwa wetu kwenye kituo kimoja ambako tabibu aliandika dawa kabla mgonjwa hajaketi. Tulinyamaza kwa heshima, tukaenda dirishani kuchukua dawa. Siku hizi hatunyamazi. Tunauliza kwa upole: daktari, umemwona na nini? Kuna kipimo? Dawa hii inaitwaje, na inatumika siku ngapi? Hatujafukuzwa bado. Wengi wao hutua kalamu, wakaanza upya, kana kwamba walikuwa wakingojea kuulizwa. Katika familia zetu kuna aibu ya kumsaili mwenye koti jeupe, hasa kwa akina mama, na tunadhani aibu hiyo inatugharimu kuliko nauli.

Turudi sasa kwenye kile kitambaa cha mchango mlangoni mwa msikiti, maana kazi ya Bibi Dupas iliyotugusa zaidi ndiyo tuliyoiweka akiba. Yeye na mwenzake Jonathan Robinson walijiuliza: ikiwa watu wa magharibi mwa Kenya wanajua faida ya kinga, na wana vikundi vya upatu ambamo kila mmoja hupokea kwa zamu, mbona fedha ya afya haipatikani inapohitajika? Wakavifuata vikundi zaidi ya 100 vya upatu. Wanachama wa baadhi ya vikundi wakapewa kisanduku cha chuma chenye tundu, kufuli na ufunguo wake, wakaambiwa waweke humo fedha ya afya. Hicho si kingine ila kibubu chetu, kile walichokitumia bibi zetu kwa udongo au kifuu cha nazi.

Hakikuwa na riba wala zawadi. Ni mahali tu pa kuweka. Hata hivyo, matumizi ya kaya hizo katika kinga, kama vile chandarua na dawa ya kutibu maji, yalipanda kwa asilimia 66. Matokeo yalitoka mwaka 2013. Watu walieleza kwamba fedha iliyo mfukoni au chini ya godoro haina jina. Akija shemeji anaomba nauli, utamwambiaje huna? Ikikaa katika kisanduku na imeitwa fedha ya watoto wakiugua, mwenye nyumba anapata ulimi wa kusema: ndugu yangu, hii si yangu.

Jambo hili lina uzito kwetu sisi ambao tumelelewa tukijua kwamba jamaa ana haki na mwombaji harudishwi. Hatuandiki haya ili mtu afunge mkono wake. Watafiti waligundua kwamba wale wanaoombwaombwa mno na jamaa na marafiki ndio waliofaidika kwa kuitengea fedha jina maalumu. Yaani mkarimu ndiye aliyemwachia mtoto wake nyumba tupu, na yeye ndiye tunayemkuta mlangoni Ijumaa kofia mkononi. Mtoto wa ndani naye ana haki, na hakuja kuomba kwa kuwa hajui kusema.

Vikundi vingine vilijaribiwa njia ya pamoja: kando ya upatu wa kawaida, kila mwanachama alitoa kidogo katika chungu cha afya, na anayefikiwa na zamu akapata bidhaa ya kinga. Hii ilikuwa na nguvu kubwa sana, kwani mtu huona haya mbele ya wenzake kukosa kutoa. Tulipowasimulia akina mama wa kikundi cha upatu cha mtaani kwetu, mmoja alicheka akasema, “Baba, sisi hilo tunalifanya kwa sahani na vyombo tangu enzi, ila hatukufikiri kulifanya kwa homa.” Wamekubaliana kuanza mwezi ujao, Inshaallah, kwa chungu kidogo pembeni, nauli na kipimo cha mtoto wa mwanachama atakayeugua kabla ya zamu yake.

Limebaki suala moja ambalo liliwafanya wazozane hadi magharibi, nalo lilikuwemo pia katika ule utafiti. Baadhi ya vikundi vilipewa kisanduku kilekile cha chuma, kufuli ileile, lakini ufunguo ukabaki kwa mtu wa mradi, na kisingefunguliwa mpaka mwenye nacho atimize kiasi cha kununua bidhaa ya afya aliyoiazimia. Mtu angedhani hicho ndicho kingefanikiwa zaidi, maana hakuna wa kukichokonoa. Hakikuongeza kinga. Mtoto akishikwa na homa saa nane za usiku, fedha ipo ndani na ufunguo uko mjini, na mwenye kuliona hilo mara moja hatii tena. Akina mama walitaka ufunguo wa chungu chao ukae kwa mwekahazina, akina baba wachache waliokuwapo wakasema ukae kwa katibu. Mwisho wamekubaliana kwamba kufuli litakuwa na funguo mbili, na zote zilale mtaani.